Kirusi, Kibofu na Kikombe cha Ulanzi

Kama uko chooni sasa hivi, umeinama, unatazama chini na kujiambia kwamba ule wekundu ni bitiruti ulizokula jana, basi haya nimeyaandika kwa ajili yako. Mimi nilijiambia hivyo hivyo kwa muda mrefu, tena bitiruti sizipendi na nyumbani kwangu haziingii. Mtu akiogopa hukumbuka hata chakula ambacho hajala.

Mimi ni mfanyabiashara wa viazi hapa Makambako. Nanunua mashambani, najaza magunia, nawauzia wenye malori pale barabara ya Songea inapoanzia. Wananiita Mama Twilumba, kwa jina la binti yangu wa kwanza. Mume wangu ni Zakaria, fundi seremala, mtu wa maneno machache na misumari mingi mdomoni. Mimi nina sauti kubwa, sikatai, maana viazi haviuzwi kwa kunong'ona. Lakini ugonjwa huu ulichagua mahali ambapo hapatajwi kwa sauti kubwa, na kwa mara ya kwanza maishani nikakosa la kusema.

Ulianza katikati ya mvua, wakati viazi vinaoza kwenye magunia usipovigeuza. Damu ilikuja, ikakaa siku mbili tatu, ikaondoka. Haikuuma hata kidogo, na hapo ndipo penye mtego, kwa sababu sisi tumezoea kwamba kisichouma si ugonjwa. Kwa umri wangu mambo ya kila mwezi yalikuwa yamekwisha zamani, nikadhani yamerudi kuaga. Iliporudi mara ya pili nikaenda zahanati, nikaambiwa ni UTI, kama kila mwanamke anavyoambiwa, nikapewa vidonge. Damu ikaondoka. Nikamsifia daktari kwa majirani. Ikarudi.

Safari hiyo nilienda kwa mwingine. Huyo akaniuliza kama nimewahi kuoga ziwani, kwa sababu kichocho nacho huleta damu.

"Ziwa nililiona mara moja tu," nikamwambia. "Manda, kule Ziwa Nyasa, kwenye msiba wa rafiki wa mume wangu. Na hata miguu sikuloweka."

"Na mume wako?"

"Yeye ameishi huko kabla hajanioa. Alikuwa ananunua dagaa na kuwapandisha huku juu."

Akaandika. Nikameza dawa za kichocho ambacho sikuwa nacho, nikatapika vizuri tu, na damu ikaendelea na ratiba yake. Lakini lile swali la Manda lilibaki mahali fulani kichwani mwangu. Sikujua kwamba linangoja mwenzake.

Baridi ilipoanza ndipo nikapelekwa Njombe kwa picha ya tumbo. Nikafikia kwa wifi yangu Edina, dada yake Zakaria, mjane anayeishi peke yake, anayeongea kuliko mimi. Asubuhi ukungu ulikuwa umeshuka mpaka huoni geti la hospitali. Kwa wasiowahi kupiga picha ile, niwaambie: unakunywa maji mpaka kibofu kijae, kisha unangoja na usiende haja. Kwenye benchi lile tulikaa wanaume kwa wanawake, tumevaa makoti na mashuka ya kimasai, tumebana magoti, kila mtu na chupa yake tupu mkononi. Hakuna aliyethubutu kucheka. Mama mmoja wa Lugarawa, ambaye namba yake ilitangulia yangu, alinitazama usoni akasema, "Ingia wewe, mwenzangu, mimi bado nina uvumilivu." Sikumwona tena. Nimeomba Mungu ampe kila anachotaka, kuanzia na choo cha karibu.

Picha ilionyesha kitu. Ndivyo walivyosema, "kuna kitu", kana kwamba wamekuta mwavuli wa mtu aliyesahau. Wakaingiza kamera kule ambako sikujua kamera inaweza kupita, kisha wakati mwingine nikachomwa sindano ya mgongo, wakakikwangua. Nilirudi kwa Edina na mpira wa mkojo na mfuko wake, nikaufunga pajani chini ya kitenge. Kila nikitembea uliyumba. Mimi niliyekuwa nabeba gunia begani nikawa natembea kama mtu aliyebeba mayai. Zakaria alikuja kutoka Makambako akamwaga ule mfuko mwenyewe. Edina akasema kazi hiyo ni ya wanawake, yeye akamwambia, "Mke ni wangu, mkojo ni wangu." Nilicheka mpaka nikaumia.

Majibu ya kinyama walichokikata yalichelewa. Watu walipanda viazi vya bondeni, vikaota, vikapaliliwa, majibu hayajaja. Yalipokuja, daktari alisema ni saratani ya kibofu, ila mzizi wake haujaingia ndani. Nikamuuliza imetoka wapi, mimi sijawahi kuvuta sigara. Akasema wakati mwingine ni sigara, wakati mwingine kichocho cha muda mrefu, wakati mwingine kemikali za kazini, na wakati mwingine haijulikani. Nikakumbuka dawa za viazi tunazopulizia bila kufunga pua. Nikakumbuka moshi wa jikoni. Nilitoka mle nikiwa na saratani moja na vyanzo visivyohesabika.

Kwenye korido akanifuata binti mmoja mwenye koti jeupe na uso wa upole. Jina lake Salome. Akaniamkia shikamoo, akaniuliza kama nina nguvu ya kuzungumza kidogo. Alikuwa na watu wa utafiti.

"Mama, kuna kirusi cha kawaida sana, kinaitwa HPV," akasema. "Ndicho ambacho mabinti wanachanjwa shuleni, kwa sababu huleta saratani ya mlango wa kizazi. Sisi tunajiuliza kama kinahusika pia na saratani za njia ya mkojo. Tunaomba kipande kidogo kilichobaki cha kile kinyama chako, na mkojo, tukitafute."

"Kirusi? Mbona UKIMWI nilipimwa hapa hapa, sina."

"Siyo hicho, mama. Hiki ni kingine kabisa."

"Kinaambukizwaje?"

Akashusha sauti. "Mara nyingi kwa kujamiiana."

Akanisomea karatasi ndefu kwa sauti ya taratibu. Nakiri sikusikia kitu baada ya hapo. Macho yangu yalikuwa kwake, kichwa kilikuwa Manda. Kisha akaanza maswali. Akaniuliza nimewahi kuwa na wanaume wangapi. Nikamjibu mmoja, kwa sauti iliyogeuza vichwa kwenye mabenchi. Nikangoja aniulize kuhusu huyo mmoja. Hakuniuliza. Nikaona ajabu kubwa: nimeulizwa mambo yangu yote ya chumbani, na yule ambaye ningeweza kumtilia shaka karatasi haimtaki. Nikatia sahihi haraka. Niliamini nimewapa kesi, na wao ndio watakaoleta hukumu. Kirusi kikionekana, Zakaria amenisaliti. Kisipoonekana, nimemkosea. Kwangu ilikuwa nyepesi kama kupima gunia.

Jioni ile nikamweleza Edina; Zakaria, aliyekuja kusikia majibu, alikuwa nje anapasua kuni. Mjane yule akakoroga uji wake muda mrefu.

"Wifi, kikulacho ki nguoni mwako," akasema.

"Unamsema kaka yako?"

"Mimi simsemi mtu. Nasema tu Manda alikaa miaka. Na hata baada ya kukuoa alikuwa anashuka kufuata dagaa, si unakumbuka? Lakini mimi simsemi mtu. Kunywa uji, unapoa."

Sijui kama ndugu wa mume wote wako hivyo, au ni huyu wangu tu. Nilikunywa uji.

Matibabu yaliyofuata yalikuwa ya kila wiki, kuanzia mipera inapochanua hadi mvua za kwanza. Wanaingiza mpira, wanamimina dawa kwenye kibofu, unakaa nayo ndani bila kukojoa. Ukilala unajigeuza: ubavu huu, mgongo, ubavu ule, tumbo, ili dawa iguse kila ukuta. Edina alikuwa anakaa mlangoni na saa ya marehemu mume wake akiniamrisha, "Geuka!" kama anachoma mahindi. Baadaye ukikojoa ni moto. Mwili unatetemeka kwa homa usiyoielewa. Nilipungua, nywele hazikutoka lakini meno yalionekana makubwa, na pete yangu ya ndoa ikawa inazunguka yenyewe kidoleni.

Kisha nikaambiwa dawa yenyewe ni vijidudu. Muuguzi alinieleza kwa furaha kabisa kwamba ni vile vya kifua kikuu vilivyodhoofishwa, kama ile chanjo iliyotuacha na kovu begani. Akasema nikishakojoa nimwage chooni maji ya kuulia vijidudu, nifunike, ningoje, ndipo nimwage maji ya kawaida. Jamani. Kirusi labda kimeniletea ugonjwa, kijidudu kinaniponya, na nikikojoa ninatoa kitu kinachopaswa kuuawa. Niambie wewe msomaji, ungeelewa nini? Nilikaa pale kitandani nikijiona chombo ambacho kila mtu anamimina chake. Nililia, na sikujua nalilia kitu gani hasa.

Niliporudi Makambako nikahamia chumba cha Twilumba, ambacho kimekuwa kitupu tangu aolewe. Nilisema ni kwa sababu naamka mara nyingi kwenda haja, nisimsumbue mwenye kazi. Zakaria hakubisha. Siku chache baadaye nilikuta chooni kuna kiti cha mbao chenye tundu katikati, ili nisichuchumae na ule moto. Alikuwa amekipiga randa na msasa mpaka kikawa laini kama mgongo wa mtoto. Hakukitaja. Nikakikalia kila siku nikiwa nimemkasirikia.

Sasa niwaeleze habari ya kikombe, maana bila hiyo hamtaelewa mwisho.

Mvua zikishashika, Zakaria hugema ulanzi, pombe ya utomvu wa mianzi, kwenye mianzi yake bondeni nyuma ya nyumba. Sisi ni wa usharika, mkangafu ule mkali hatuupendi, lakini mtogwa, ule mtamu wa siku hiyo hiyo, hata mchungaji akipita hakatai. Kugema kunataka uaminifu. Mwanzi unaukata kidogo asubuhi na jioni, kila siku, ukiuacha unafunga na hautoi tena. Kwetu anayempa mwenzake ulanzi huonja kwanza, ili anayepokea ajue hakuna sumu. Hata mgeni atakuambia, "Nionjee." Nyumbani kwangu tangu harusi tumekuwa na kikombe kimoja cha bati chenye ukingo wa bluu. Mimi nachuja, naonja, nampa, anakunywa, ananirudishia. Huwa simsifii, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nasema tu, "Siyo mbaya," naye anajua.

Msimu ule, mara ya kwanza alipoleta mtogwa, niliweka mezani vikombe viwili. Kile cha bluu nikamwekea yeye, mimi nikachukua cha plastiki. Nilisema moyoni kwamba namkinga na uchafu wa dawa zangu. Nilisema pia moyoni kwamba najikinga na uchafu wake. Yote mawili nilikuwa nayaamini kwa wakati mmoja. Ndivyo nilivyokuwa miezi ile yote, naamini hiki na kinyume chake, kichwa kimejaa kama stendi siku ya mnada.

Akakitazama kikombe chake.

"Nionjee," akasema.

"Kunywa tu."

Hakunywa. Akainuka, akaenda karakana. Nikasikia randa. Kila alipoleta ulanzi msimu ule nilimimina vikombe viwili, na kila mara changu kilikwisha na chake kikabaki mpaka inzi wakaingia. Lakini bondeni aliendelea kwenda, asubuhi na jioni, na kisu chake. Kugema alikuwa anamgemea mtu asiyemwonjea.

Mwishowe ni yeye aliyeanza. Nilikuwa nimempelekea chai karakana, nikaiweka juu ya mbao nigeuke niondoke. Akatoa misumari mdomoni, mmoja mmoja, akaipanga.

"Mama Twilumba, sasa niulize."

"Nikuulize nini?"

"Hilo lililokuhamisha chumba."

Nilitaka kusema ni mkojo. Ulimi ukakataa.

"Manda ulikuwa na mwanamke?"

"Nilikuwa naye. Ulikuwa bado uko kwa baba yako, hata sikukufahamu."

"Na baada ya kunioa, ulipokuwa unashuka kufuata dagaa?"

"Hapana."

"Nitajuaje?"

Akafikiri. Zakaria akiulizwa swali hufikiri kweli, ndiyo tabia inayonichosha zaidi. "Hutajua," akasema. "Nami sina cha kukuonyesha." Akachukua chai, akainywa kidogo. "Na mimi nilikuwepo kwa Edina ulipokuwa unasimulia habari ya kirusi. Nilikuwa nje napasua kuni, nikasikia yote. Wewe unauza viazi kwa madereva wa malori miaka hii yote. Mimi sikukuuliza."

Niliwaka. "Uniulize mimi? Mimi!"

"Nimesema sikukuuliza."

Nikaondoka pale. Nilikuwa na hasira kwa sababu amenitukana, halafu nikawa na hasira kwa sababu hakunitukana. Wala haikunisaidia kitu. Bado nilikuwa nataka yale majibu. Nilijiambia: ngoja, watu wa utafiti watasema. Wasomi hawana upande.

Siku ya kurudi Njombe kuchunguzwa tena kwa kamera ilifika wakati mahindi mabichi yanauzwa barabarani. Kwenye benchi nilikutana na sura nilizozizoea, na nafasi moja mbili zilizokuwa wazi ambazo hakuna aliyeziulizia. Daktari aliangalia muda mrefu, akaniambia, "Mama, kibofu chako ni safi. Hakuna kitu. Utarudi baada ya miezi mitatu tuangalie tena, lakini leo ni safi." Nikamshukuru. Nikavaa. Nikatoka mbio kumtafuta Salome.

Nilimkuta kwenye chumba kidogo anabandika namba kwenye vichupa.

"Mwanangu, nimekuja kuchukua majibu yangu."

"Majibu gani, mama?"

"Ya kirusi. Kimo au hakimo?"

Akaweka vichupa chini. Akanivutia kiti. "Mama, siku ile nilikusomea. Majibu ya mtu mmoja mmoja hatutoi. Sampuli hazina majina, zina namba tu. Sisi tunaangalia watu wengi kwa pamoja."

"Ulinisomea?"

"Nilikusomea, mama. Ukasema umeelewa."

Nikakaa. Nikamweleza yote, Manda, chumba, vikombe. Mimi mtu mzima nikamweleza binti wa umri wa mwanangu mambo ya kitanda changu, mbele ya vichupa vya mkojo wa watu. Alisikiliza bila kuangalia saa.

"Hata ningekuwa na majibu yako nikakupa, yasingekusaidia kwa hilo," akasema. "Kirusi hiki wengi waliowahi kulala na mtu hukipata wakati fulani, na kwa wengi huondoka chenyewe bila wao kujua. Kinaweza kukaa kimya miaka mingi. Kikionekana leo hakisemi kiliingia lini wala kilitoka kwa nani."

"Hata kwa watu wa ndoa moja?"

"Hata kwao, ikiwa mmoja aliwahi kuwa na mtu kabla. Na kisipoonekana, hakisemi kwamba mtu hajawahi kutoka nje."

"Na saratani? Ndicho kilichonipa?"

"Hatujui. Wengine wanaotafiti wanakikuta kwenye vibofu, wengine hawakikuti. Na wakikikuta, haijulikani kama kilifanya kazi au kilikuwa mpita njia. Ndiyo maana tunauliza."

"Kwa hiyo hata ninyi mmechanganyikiwa?"

Akatabasamu kwa aibu. "Sana, mama."

Nilicheka. Kicheko kilianza kidogo, kikageuka kilio, akanipa kitambaa. Nilikuwa nimeweka ndoa yangu mezani kwa wasomi waiamue, kumbe nao walikuwa wamekuja kwangu kuuliza. Kabla sijaondoka nikamuuliza jambo moja tu la faida. Twilumba alikuwa amenipigia kwamba shule ya binti yake inachanja, naye anaogopa. Salome akasema chanjo ile inakinga mlango wa kizazi, hilo halina utata. Nikampigia Twilumba hapo hapo nikamwambia, "Mchanje." Katika mambo yote ya mwaka ule, hilo ndilo pekee nililolisema bila kusita.

Edina alikuwa ananingoja nje ya geti, ameshika mwavuli.

"Wamesemaje?"

"Hawajui."

"Mungu wangu!" Akaangusha mwavuli, akashika kichwa, akaanza kulia njiani watu wakisimama. "Hawajui! Wifi yangu jamani! Watoto wake!"

"Edina, nyamaza. Kibofu kimekuwa safi."

"Nini?"

"Daktari amesema ni safi. Hakuna kitu."

Akanikodolea macho, machozi yakimtiririka. "Na ulikuwa unangoja nini kuniambia?"

Nilikuwa nimeambiwa nitaishi, nikasahau kulisema. Ugonjwa ulikuwa umetoka kwenye kibofu ukahamia kwenye lile swali, na nilikuwa nimelilisha vizuri.

Wewe unayeanza safari hii, niliyo nayo ya kukupa ni machache. Damu kwenye mkojo haina mazoea, ikija hata mara moja nenda, na wakikupa dawa ikarudi, rudi nayo. Beba blanketi, hospitali za huku juu zina baridi. Mtu akikusomea karatasi, mwambie asome tena, na uwe na mtu wa kusikiliza pamoja nawe, maana neno moja likikushtua yanayofuata yote yanapita pembeni. Na ukitaka kujua ugonjwa wako umetoka wapi, uliza, ni haki yako. Ila usimhukumu mtu wa nyumbani kwako kwa jibu ambalo hata wenye darubini hawana. Hilo nalisema huku mwenyewe nikiwa sijamaliza kulitekeleza.

Nilifika Makambako mchana, mvua imekatika. Msimu ulikuwa unaisha, mianzi mingi ilikuwa imekwisha funga. Zakaria alikuwa bondeni. Nikamwona anapanda na mbeta moja tu mkononi, kile kipande cha mwanzi cha kukingia ulanzi, ndiyo iliyokuwa imepatikana siku hiyo. Aliponiona akasimama. Uso wake ulikuwa wa mtu anayengoja msumeno.

"Kibofu ni safi," nikasema.

Akakaa chini pale pale kwenye majani yaliyolowa, na suruali yake ya kazi, mbeta ameikumbatia isimwagike. Mabega yalikuwa yanamtikisika.

Alipoinuka tuliingia ndani. Akaweka mbeta mezani. Mimi nikaenda kabatini, nikachukua kikombe cha bluu, kile cha plastiki nikakiacha. Nikachuja. Haukujaa hata kikombe kimoja.

"Na lile lingine?" akauliza. "Wamesema nini?"

"Hawajui. Wamesema halitajulikana."

"Na wewe?"

Ningeweza kumwambia namwamini. Angefurahi, na ingekuwa rahisi. Lakini nimetoka mbali sana kuanza kumdanganya.

"Sijui, Baba Twilumba."

Akaitikia kwa kichwa, kama fundi aliyeambiwa kipimo.

Nikainua kikombe, nikaonja, nikampa.